Mwendesha Lifti wa Hoteli ya Ghorofa Tano

"Andika meneja, Mama. Nani atakwenda kuuliza? Hoteli yenyewe haipo."

Mwaka unatimia wiki hii tangu ututoke, Baba Watoto, na hivyo ndivyo kifungua mimba wako alivyonibishia asubuhi hii. Gazeti linafunga kupokea matangazo ya kumbukumbu saa sita.

Dada yake akadakia, "Meneja wa kupanda na kushuka?"

"Wewe nyamaza, hujaposwa hata na paka!"

Hapo ndipo penye donda. Watu wa mchumba wa kijana wetu waliona picha yako ukutani, koti jekundu na vifungo vya shaba, akawaambia ulikuwa meneja. Nilikuwepo. Nikamimina chai, nikanyamaza. Kosa hilo ni langu pia.

Miaka thelathini na mmoja uliendesha lifti ya kwanza mjini. Ulitusimulia jinsi watu walivyotoka mbali, wakapanda hadi juu, wakashuka, wakaenda zao bila kununua hata maji. Hoteli ikafungwa, ikawa ofisi za serikali, ikafunguliwa tena. Mameneja kumi na wawili walikuja na kuondoka. Wewe ulibaki.

Lifti ile haikujisimamisha. Uliisimamisha kwa mkono, sawasawa na sakafu, mgeni asijikwae. Hata nyumbani ulituonya mlangoni, "Taratibu, kizingiti." Umeme ulipokatika kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, bibi harusi akilia, ulimsimulia vituko vya wageni mpaka akacheka.

Siku walipoibomoa hoteli ulisimama ng'ambo ya barabara na koti lako. Kila sakafu ilipoanguka ulitangaza kwa sauti ya kazini: "Ya tano. Ya nne. Ya tatu." Kijana alikushika mkono. Vumbi lilipotulia ukamwambia, "Shuka, mwanangu. Tumefika."

Nilimkumbusha hilo leo.

"Mama, usinifanyie hivyo. Wataniona mwongo."

"Mameneja walikuwa kumi na wawili. Nitajie mmoja."

Nikavaa viatu, naye akanifuata.

Haya ya mwisho nayaandika nikiwa dirishani kwenye ofisi ya matangazo, saa sita kasorobo. Karani aliuliza kazi ya marehemu. Nilimtazama kijana. Waliokuwa nyuma yetu wakaanza kuguna.

"Mwendesha lifti," akasema. "Weka juu kabisa, kwa herufi kubwa."

Sasa yuko nje, simu sikioni, anawaambia wakwe watarajiwa kabla gazeti halijawaambia. Namwona kupitia kioo. Anatokwa jasho, lakini hajakata simu.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo. Mwanao wa kwanza, aliyesema. Na bintiyo, ambaye hadi leo anatuonya mlangoni kama wewe. Hatujakusahau, wala hatutakusahau.