Nimepewa Mji

Ole, Pemba

Kwako Baba yangu,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Naanza na miguu yako, halafu goti lako la kulia, maana najua ukikaa kusoma hulinyoosha juu ya kigoda na kulikanda kwanza. Limepoa? Mama bado anakuchua kwa mafuta ya karafuu, au umeshaanza kuikimbia harufu? Mimi ni mzima, alhamdulillah. Shangazi Raya ni mzima pia, anakusalimu, na ameniambia niandike hivi hivi alivyosema: mwambie kaka yangu boti za kutoka Tanga bado zinafunga gati Pemba, hakuna aliyezizuia.

Naandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema "Baba," unasema "unarudi lini?" Nikisema "nilikuwa nataka kukueleza," unasema "Hemedi anakungoja dukani." Karatasi unaweza kuikunja ukaitia mfukoni, lakini huwezi kuikatiza maneno. Nimempa jirani yetu wa hapa, Bi Zuhura, anayekuja huko kumtazama mwanawe.

Sijasahau tulivyoagana. Uliniambia msimu mmoja tu wa karafuu. Ukiisha na sijapata watu wa kunisikiliza hadithi zangu, nirudi nikae na kaka Hemedi kwenye duka la fotokopi, niwe na kazi inayoeleweka. Baba, msimu unakwisha. Mikarafuu ya nyuma ya nyumba imebaki majani matupu, na mimi situlii. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama nataka kwenda, nikienda najiuliza nakwenda wapi. Shangazi ananiambia nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mara nyingi umeniuliza kwa nini niliacha kuweka hadithi zangu mtandaoni, na kila mara nilikujibu kwa hasira. Leo nakujibu vizuri. Nilianza na zile hadithi ndefu za Bibi. Watu wakawa wanaondoka kabla mambo hayajaanza. Hemedi akanishauri nifupishe. Nikafupisha. Akasema bado ndefu. Nikakata tena, mpaka ikawa dakika moja, na hadithi ya dakika moja si hadithi, Baba, ni chafya. Mtu anasema "yarhamukallah" anapita. Na mimi nikiamka, kabla ya kunawa uso, kabla ya kumwamkia Mama, natazama simu kuona nani amenipenda. Wakipungua, siku nzima sina raha. Mama alikuwa akiniuliza nimegombana na nani, na mimi nilikuwa nimegombana na watu nisiowajua hata sura. Nilichoka. Ndiyo maana nilipopanda boti niliifuta ile akaunti, na sikukwambia.

Nilipofika huku, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kila alasiri barazani kwa Shangazi wanakusanyika wanawake kuchambua karafuu, wanatenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, wanavitupa upande. Nikitia neno wanacheka Kitanga changu. "Hebu sema tena," wananiambia, na nikisema tena wanacheka zaidi. Lakini nikaona jambo moja. Simu zao zinalia kwenye mikoba na hakuna anayezigusa, kwa sababu mikono imejaa mafuta ya karafuu na kazi haingoji. Nikasema moyoni, hawa hapa. Hawa hawawezi kunipitisha kwa kidole.

Nikasema, "Paukwa!" Wakatazamana. Shangazi ndiye aliyenihurumia akaitika, "Pakawa!"

Nikawapa hadithi niliyoitunga mwenyewe. Bibi harusi anafika kwa mumewe, mama mkwe anamfungia mlango. Anamwambia hutaingia mpaka unijibu kitendawili changu: nimegawia mji mzima, na changu kimebaki kizima. Bibi harusi anazunguka kutafuta jibu, na huko anakozunguka ndiko hadithi yenyewe ilipo. Niliipeleka taratibu. Hakuna aliyeondoka, maana karafuu zilikuwa bado tele. Mwishoni nikawatega wao. Wakajaribu, wakashindwa, nikawaambia kama ulivyotufundisha sisi tulipokuwa wadogo: basi nipeni mji. Mmoja akasema, "Twakupa Wesha." Nikafungua mdomo niseme nilikwenda Wesha, watu wa Wesha wakanipokea, jibu ni hili. Mara Shangazi akapiga ukelele, "Nvua! Nvua! Karafuu!"

Unaijua mvua ya huku ikikuta karafuu zimeanikwa. Kila mmoja alikimbilia kwake, majamvi yakakunjwa, baraza ikabaki na mimi na makonyo. Jibu likabaki mdomoni mwangu.

Baada ya siku chache mmoja wa wale wanawake alirudi kutoka Wesha kununua samaki, akaja moja kwa moja jikoni kwetu. "We Zuwena, watu wa Wesha wauliza waja lini." Nikamwuliza waniulizie nini, wananijua? Akasema amewahadithia wakati akingoja samaki, akawaambia kwamba Ole wamenipa Wesha, kwa hiyo jibu linakuja huko. Mimi nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Kwake yeye mji ukishatolewa umetolewa, na aliyepewa lazima afike.

Basi nikaenda. Nilikuta wanawake wanaparua samaki, mikono yao ndiyo usiseme. Nikawahadithia tangu mwanzo, nikawaambia jibu ni moto: jirani akija kuomba kaa la kuwashia jiko unampa, na moto wako unabaki pale pale. Walifurahi, wakanituza samaki, na mmoja akasema ukija mara nyingine ulete mpya, nasi tutakupa mji. Nilirudi Ole nimeshika kifungu cha samaki wa changu. Sikulala, ila safari hii kwa furaha.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Binamu yangu Faki, mtoto wa Shangazi anayetengeneza simu Chake Chake, alikuwepo Wesha siku ile. Alinirekodi bila kuniambia, akaitia mtandaoni. Alikuja nyumbani anang'aa. "Nimekupigia debe, dada! Wamekutazama watu wengi kuliko Ole na Wesha pamoja." Nilimgombeza mpaka Shangazi akatoka na mwiko kutuamulia. Yeye masikini alidhani amenifanyia wema. Na Baba, nisikufiche: alipokwenda kula nikaichukua ile simu, nikatazama idadi, nikaiweka, nikaichukua tena. Kidole changu kilikuwa kinanuka karafuu na kinafanya yale yale ya Tanga. Niliishika mpaka chaji ikaisha.

Kwa sababu hiyo nilikwenda Msuka na moyo mzito. Wesha ndio walionitaja huko, wana mtu wao aliyeoa Msuka. Nilifikia kwa Bi Mwanakombo, mzee mmoja anayewakusanya wanawake wa mtaa wasuke ukili wa mikeka ukumbini kwake. Nilihadithia vizuri, naweza kusema sijawahi kuhadithia vizuri kama siku ile. Nikafika mwisho. "Nimegawia mji mzima, na changu kimebaki kizima. Ni nini?"

Kabla sijafunga mdomo ukumbi mzima ukapiga kelele: "Moto!"

Wakacheka, wakapigana mabega. Mmoja akaniambia, "Tushakuona kwenye simu, mwana we!" Nikaona duka la Hemedi, nikaona mashine ya fotokopi na mimi nyuma yake. Nikasema kimoyomoyo, Baba ameshinda.

Bi Mwanakombo peke yake hakucheka. Alikuwa anavuta ukili kwa vidole vya mguu. "Jawabu la simu tushalisikia," akasema. "Nalo si kweli."

"Kwa nini si kweli, Bi?"

"Moto ukimpa ntu, akalala, asubuhi ni jivu. Wako weye nao jivu. Nkwe gani huyo asiyejua jivu? Twambie la kweli."

Sikuwa nalo, Baba. Wallahi sikuwa nalo. Lakini mdomo ulitangulia. Nikasema, "Kweli, Bi. Na mama mkwe ndivyo alivyomjibu bibi harusi. Alimwambia hilo ni jibu la majirani, rudi ukatafute." Na bibi harusi akashika njia tena, na mimi nikamfuata nyuma sijui anakonipeleka. Nilimpitisha mahali ambapo hata mimi sijapata kufika. Nikamsimamisha njiani, nikawatega wao upya.

Kisha wakaanza kujibu. "Salamu!" akasema mmoja. Mwenzake akamkata, "Ukisalimu usiitikiwe yabaki nzima hiyo? Yarudi imekatika." Mwingine akasema elimu. Bi Mwanakombo akamwambia, "Mume wangu kasomesha watoto wa Msuka wote, na leo hajui hata kofia yake kaiweka wapi." Walibishana mpaka jua likashuka na adhana ikakaribia. Wakashindwa. Nikawaambia nipeni mji.

Bi Mwanakombo akanitazama. "Kwenu wapi?"

"Ole, Bi."

"Ole kwa shangazi yako. Kwenu?"

"Tanga."

"Basi twakupa nji. Twakupa Tanga. Nenda, na ukirudi utwambie wamesemaje." Akanieleza kwamba mjukuu wake anaolewa baada ya karafuu, na siku ya hina nitakaa na bibi harusi mikono yake ikiwa imepakwa, nimpe jibu yeye kabla ya wenzake wa Msuka. Wote wakaitikia, hata wale walionicheka. Faki nilimwambia aje kula pilau siku hiyo, simu aiache Chake.

Sasa ndio nimerudi Ole, na tangu hapo sikai. Nafagia ua uliokwisha kufagiwa. Sina hakika kwamba hii ni kazi kwa jinsi unavyoielewa wewe kazi. Sijui wanaonisikiliza ni wangapi, na siku nyingine hilo linanitafuna, natamani idadi kama mtu anavyotamani sukari. Lakini nawajua kwa majina. Najua nani anacheka kabla ya wakati na nani analia na kusingizia moshi. Nina mahali ninapongojwa, Baba. Tangu nizaliwe sikuwahi kungojwa mahali isipokuwa kwako.

Wewe husema mcheza kwao hutuzwa. Mimi nilituzwa samaki Wesha na mji Msuka, na bado usiku nakuwaza wewe. Jibu la kitendawili nimelipata. Lilinijia juzi nikimtazama Shangazi akikunja nguo ya mwanawe anayekaa Chake. Sikumwambia, lakini yeye alinitazama akacheka, akasema, "Kaka yangu atalijua tu. Si yeye aliyekutoa, na bado u wake mzima?"

Nisalimie Mama yangu, umwambie hina nitakuja nayo ile nzuri ya huku. Msalimie kaka Hemedi na mkewe aliyenifungia vitumbua vya safari, na ma mkubwa anayenionea haya kwa majirani, na yule fundi cherehani wa upande wa pili wa njia aliyekuwa akinihesabia makofi nilipokuwa mdogo. Shangazi Raya anasema salamu zake usizipokee kwa barua, uje uzichukue mwenyewe.

Nakuja Tanga, Baba, na boti itakayofuata baada ya Bi Zuhura. Siku hiyo tandika mkeka barazani, wapange majirani, Mama awape mchele wa kuchagua ili mikono yao isitulie. Sitabisha hodi. Nitasimama mlangoni na mkoba wangu, nitakuita kwa neno moja: "Kitendawili!"

Ukinijibu "Karibu nyumbani," nitaingia, nitakubusu mkono, nitakula, na Jumatatu nitafungua duka pamoja na Hemedi bila kinyongo. Na Msuka nitawapelekea salamu za kuwaomba radhi.

Lakini Baba, nakuomba. Nijibu "Tega."

Mwanao uliyemtoa,
Zuwena