Uongo Tuliomwambia Afrah

Mtopanga, Kisauni,
Mombasa.
14 Mei 2024

Mpendwa mdogo wangu Jalila,

Assalaam alaykum. U hali gani huko Doha, na joto lenyewe? Sisi tu wazima. Mama goti bado lamsumbua, lakini amerudi kupika mahamri, basi ujue ana nafuu.

Afrah alitoka hospitali Jumanne iliyopita. Kidole tumbo kimeondolewa na kidonda chakauka, alhamdulillahi. Mengine nayaandika kwa sababu kwenye simu ungenikata.

Siku ya kupasuliwa muuguzi alimwambia anakwenda kupigwa picha. Maskini, akaomba avishwe hereni. Akazinduka ana mshono. Nilipotaka kuja nyumbani kuoga, muuguzi yule yule akanifunza nimwambie naenda kumnunulia jusi, ati ndivyo wafanyavyo wote. Nikafanya, Mungu anisamehe. Niliporudi nilimkuta kaketi, macho mlangoni, kajikojolea, mtoto wa miaka sita! Wala hakulia. Muuguzi akasema ana deko. Nilimjibu maneno ambayo wallahi siyaandiki.

Hapa nyumbani halali mpaka ashike ncha ya leso yangu. Mama ataka aandikiwe aya kwa zafarani, anyweshwe kombe. Na anyweshwe, lakini haya si ya kombe.

Jana asubuhi nilimuaga vizuri, nikamwambia naenda Kongowea kununua samaki na nitarudi kabla ya adhuhuri. Akaniangalia, akasema, "Mama pia alikwenda Kongowea."

Jalila, mwanao hajasahau. Miaka miwili! Ulitoka na kikapu mkononi asishuku, na mimi ndiye niliyelitanguliza sanduku kwa jirani. Tulisema akiagwa atalia. Sasa, angelia siku tatu, si angenyamaza? Na kila ukipiga simu wamwambia waja kesho, inshallah. Jina la Mungu si kifuniko cha uongo, dada. Nimekukasirikia, na nimejikasirikia zaidi.

Usitume mwanasesere mwingine. Piga Ijumaa baada ya sala, umwambie kwa kinywa chako uko nchi gani, wafanya kazi gani, na mkataba wako waisha mwezi gani. Akilia usikate simu. Mwache alie ukimsikia.

Mama akusalimu sana, na shemejio Yeslam pia. Mola akuhifadhi ugenini na akurudishe salama. Afrah nilimuuliza kama ana salamu zako. Akaishika tu ncha ya leso yangu.

Nduguyo akupendaye hata kwa hasira,
Mahfoudha