Niliyoyasikia kwa Daktari wa Boma

Jumanne. Vumbi limetimka tangu alfajiri, na ulimi wangu umekauka kama ngozi iliyoanikwa.

Niandike ukweli: nina uchungu na kila mtu anayekunywa kata moja ya maji akatosheka.

Asubuhi tulikwenda korongoni kuchimba maji mchangani. Kiangazi hiki maji hutoka kidogo kidogo, na kila msichana hungoja zamu yake. Ilipofika yangu nilikunywa kabla ya kujaza kibuyu, nikanywa tena. Raheli, ambaye mkeka wake uko karibu na wangu bwenini, alinitazama.

"Dada, tukuache hapa uote mizizi?"

Wenzangu walicheka. Nami nikacheka.

Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilicheka.

Mama anadhani nimerogwa. Shuleni wanadhani nina uroho. Nimekatazwa ugali, nimekatazwa uji, asali nisiiguse kabisa. Nakula mlenda mtupu na maziwa, na bado nguo zinanipwaya.

Mchana Bibi, mwalimu wetu, alinipeleka tena kwa daktari wa boma. Daktari alichemsha mkojo wangu katika chupa nyembamba, akaitazama rangi yake. Mimi aliniambia kwa Kiswahili, "Sukari ipo bado. Usile unga. Utapata nafuu."

Kisha akamgeukia Bibi na kusema kwa Kidachi, lugha ya kwao Ujerumani, kwamba ugonjwa huu hauna dawa. Alisema darasa la watoto wadogo, ambalo Bibi aliahidi kunipa nilifundishe baada ya mavuno, apewe msichana mwingine, kwa sababu mimi sitafika mbali.

Bibi akaitikia kwa kichwa.

Amenifundisha Kidachi miaka mitatu. Alisahau kwamba nakisikia?

Njiani alinishika mkono, akazungumza habari za mvua. Nilimjibu kwa adabu.

Ugonjwa wenyewe haunikasirishi kama kule kuitikia kwa kichwa. Ugonjwa haukuniahidi kitu.

Labda daktari amesema kweli. Sijui kufa kukoje, na leo sitaki kufikiri juu yake. Lakini kumwonyesha mtoto herufi yake ya kwanza hakuhitaji miaka mingi. Asubuhi moja inatosha.

Kesho baada ya sala nitamwendea Bibi. Nitasema kwa Kidachi, polepole, nisikosee neno: nilisikia yote, na darasa bado nalitaka.