Prosesa ya Placide

Baraka, tarehe 9 Machi 1986

Mdogo wangu Émilienne,

Pokea salamu za kaka yako. Natumaini homa yako imepoa na watoto wote ni wazima. Mimi mwili wangu hauna ugonjwa. Mke wangu Dorothée hakunituma salamu, na sababu utaisoma mbele.

Umeniuliza mara mbili kwa nini ile orodha uliyoahidi kumpelekea muuza mitambo wa Bujumbura haijakufikia. Unajua kwamba mmisionari aliyerudi kwao alimwachia mwanao Placide kompyuta iliyoungua prosesa, yaani kile kipande kidogo kinachofanya hesabu zote za mashine. Placide alitaka kuifufua, watu wa sokoni walipe kucheza mchezo wa ndege, naye apate karo ya chuo cha Lubumbashi. Fedha yetu yote ilikuwa bei ya mbuzi wawili.

Tulibishana wiki nzima. Mimi nilitaka prosesa ya bei ya chini kabisa. Placide alicheka, akaniambia, "Mujomba, ndege yako itaruka leo, itafika kesho kutwa!" Ile ya bei kubwa ilidai kubadilisha ubao mzima wa ndani, basi tukaiacha. Mwishoni alinishinda: tuchukue ya kati, yenye kasi ya megahezi nane, na tuvumilie kioo kisicho na rangi.

Orodha niliiandika mwenyewe, kwa kuwa siamini tarakimu za vijana. Na kwa kuwa barua hufunguliwa njiani, niliona ni busara nisitaje jina la mtu wala la kitu. Niliandika hivi tu: "4,77 MHz, hapana. 12 MHz, hapana. 8 MHz, hiyo ndiyo. Jibu upesi." Nikampa Norbert, mchuuzi wa samaki, aipitishe Uvira hadi kwako.

Wanajeshi walimpekua pale Mboko. Unajua milima yetu ina waasi, na askari huijua megahezi kwa redio ya mawasiliano tu. Walisema karatasi ile inawapa waasi masafa ya kusemea. Norbert alipigwa fimbo mpaka akataja nyumba yangu.

Walikuja watano, asubuhi. Komanda aliniheshimu, akaniita Mwalimu, akasema mzee kama mimi hawezi kuyajua mambo haya. Alitaka tu nithibitishe mwandiko ni wa nani. Placide anaandika kama mimi, kwani nilimfundisha miaka sita, rula mkononi.

Nilikuandikia kwamba mwanao amekwenda Lubondja kulima. Nilisema uongo. Émilienne, mbele ya Komanda nilisema mwandiko ule ni wa Placide.

Alikuwa amesimama mlangoni, akiningoja niseme. Aliponisikia alinitazama kidogo, kisha akanyoosha mikono ifungwe. Akasema, "Ni wangu, Komanda. Muache muzee apumuzike." Mimi nilibaki nimeketi.

Leo ni wiki saba yuko kizuizini Uvira. Norbert aliachiliwa juma lililopita. Anasema Placide yu hai, lakini mguu mmoja haukanyagi, na katika mapigo yote hajanitaja. Anasema pia Placide alimtuma kwangu na utani: "Ambia Mujomba, ni ile ya nane, asibadilishe." Dorothée alikuwa akisikiliza. Aliniuliza kama mwandiko ule ulikuwa wangu, nikakiri, na tangu siku hiyo hanisemeshi.

Kesho nitapanda lori la Uvira kumwambia Komanda kwamba mkono ulioandika ni huu. Usije huko, wasipate mtu wa tatu wa ukoo wetu. Barua hii nimemkabidhi Mama Marie wa kanisani, ambaye hakuna anayempekua.

Msalimie shemeji Alphonse na watoto kila mmoja kwa jina lake. Msamaha sikuombi kwa karatasi. Wakimwachilia Placide, atavuka mpaka aje kwako. Mkande mguu kwa maji ya moto, umpe chakula, na usimwambie niko wapi kabla hajashiba.

Kaka yako,
Bonaventure