Mtamba Si Wangu, Eliya

Jumatatu, 3 Machi
Wewe bibi, daftari umelitupa tangu kupanda maharage. Kisomo cha ngumbaro ulihangaikia nini uzeeni? Kaa, andika.
Nimekata majani ya kumlisha mtamba. Mjukuu wangu Eliya amekuja kutoka Kasulu, anachekea simu. Ameazima hisa za kampuni changa ya mtandaoni, ya ng'ambo, akaziuza. Anangoja bei ianguke, anunue rahisi, arudishe, kinachobaki chake. Dhamana ni akiba yote ya kufungulia duka. Anasema kampuni haijawahi kupata faida, ni sifa tupu. Nimeelewa. Sijapenda.

Alhamisi, 6 Machi
Bei imepanda. Sifa tupu hiyo hiyo! Watu wananunua kwa sababu wenzao wananunua. Nimemuuliza: ikishuka itagota chini, ikipanda itagota wapi? Hali chakula. Nimemsukumia sahani. Hasira ni hasira, ugali ni ugali.

Jumanne, 11 Machi
Bei imezidi kupanda, wenye soko wanataka aongeze dhamana leo hii. Mjinga kanifuata zizini.
“Bibi, tumuuze mtamba. Bei ikianguka nakununulia mwingine, mnono kuliko huyu.”
Mtamba ni wa Mama Spesioza wa Kakonko. Namfugia tu, na mtamba mwenyewe ana mimba.
“Yewe Eliya! Umeuza cha kuazima kule, uuze cha kuazima na hapa? Mwenyewe akija nimwonyeshe simu?”
Nimekataa. Amelia. Nami nimelia, nyuma ya jiko.

Jumatano, 12 Machi
Wenye soko wamemfungia biashara. Wamezinunua hisa wenyewe kwa bei ya juu, kwa akiba yake. Duka limekufa kabla ya kufunguliwa. Nimechoka na simu. Nimechoka na huyu mtoto. Na mimi mwenyewe.

Ijumaa, 21 Machi
Kampuni imeanguka. Sasa!
“Nilikuwa sahihi, bibi.”
Alikuwa sahihi. Pesa yake haikuweza kungoja. Ningemuuza mtamba, labda angevuka. Labda bei ingepanda siku moja zaidi, tukose vyote. Sijui. Sitajifanya najua.

Jumapili, 23 Machi
Mvua ndogo. Mama Spesioza amepita baada ya ibada kumwona mtamba wake. Eliya alishika kamba. Akamwambia yeye mwenye mali, bila kusukumwa, kwamba alitaka kumuuza mtamba. Mama wa watu akamkazia kamba mkononi.
“Basi mshike vizuri. Anapiga teke.”
Wakakagua kiwele pamoja.
Wewe bibi, ukirudi kwenye daftari hili, usimwite mjinga tena. Andika jina lake.