Lugha Iliyobaki Kinywani mwa Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Niwie radhi, daftari. Wiki sita sijakugusa. Mke wangu alipata kiharusi, na kalamu haishikiki huku umeshika mkono wa mgonjwa.

Jana tulirudi nyumbani. Mguu unajikokota, lakini ulimi ni mzima — mzima mno! Ila Kiswahili hakitoki. Anazungumza lugha ya kwao tu, ile niliyoipiga marufuku humu ndani kwa miaka thelathini na minane. Sijui hata neno lake moja.

Daktari anasema katika ubongo wenye lugha mbili, moja inaweza kujeruhiwa na nyingine ikasalimika. Huenda iliyopotea ikarudi, huenda isirudi. Nikamuuliza ugonjwa unachaguaje. "Mzee wangu, hata sisi hatujui vizuri." Jibu la mwanafunzi ambaye hakusoma.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji, dada yake, amekuja kututafsiria. Mke wangu amezungumza dakika nzima, mkono mzima ukienda huku na huku. Tafsiri: "Anataka maji." Maji gani hayo yenye maelezo marefu hivyo? Kisha wakacheka wote wawili. Nikauliza kinachochekesha. "Ah, shemeji nawe! Mambo ya usichana."

Sikuridhika. Shemeji alipokwenda kuoga, nikampa mke wangu kisogo na kusema kwa sauti kwamba cherehani yake nitaiuza. Nilipogeuka, analia.

Kumbe anaelewa! Nikampigia daktari simu: je, anajifanya? Akanijibu kwa ukali kwamba kuelewa ni kitu kimoja, kutamka ni kingine, na mchezo huo nisiurudie.

Nimemwomba mke wangu radhi. Alijibu. Sijui alijibu nini.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji anadai dada yake ameomba kwenda kukaa kwao. "Huko ataongea na watu, shemeji. Hapa anaongea na kuta." Gari litakuja Jumatatu.

Ameomba lini? Kwa maneno gani? Nikamwita binti yangu awasikilize. Akasimama mlangoni, mikono kifuani.

"Nisikilize nini, baba? Tukitamka neno moja la mama, ulikuwa unatuandikisha ukurasa mzima wa sarufi."

Kweli. Na kurasa hizo nilizisahihisha kwa wino mwekundu.

Jumapili, 9 Machi

Fundi viatu wa mtaa wa pili anaijua lugha hiyo. Shemeji alipotoka kwenda sokoni, nikamleta. "Muulize anataka nini," nikamwambia. "Unieleze yote, usipunguze wala usiongeze." Wakaongea kwa muda. Fundi akavua kofia.

"Mwalimu, kwenda anataka. Ila anasema kila siku huuliza kama na wewe utakwenda naye."

Shemeji hakunitafsiria hilo hata siku moja! Kanificha? Au fundi kaongeza kwa kunionea huruma? Nilimtazama mke wangu. Akanitazama bila kupepesa macho.

Na huko nitakuwa nani? Mzee anayesemewa na wengine.

Nimeshusha masanduku mawili kutoka juu ya kabati. La kwake binti amekwisha kulipanga. La pili liko wazi kitandani, na ndani yake mna shati langu moja. Nilimwona mke wangu akilitia humo. Alikuwa ananifungashia, au aliliondoa tu kitandani apate pa kukaa?

Kesho saa tatu gari litakuwa mlangoni. Nikishaamua, nitaandika.