Meneja Hataki Kula

Baba,

Meneja hali. Naanza na hilo maana najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya habari za Mama.

Tangu tukuzike pale kando ya mbaazi, mbwa wako amelala getini na hapitishi mtu. Wanaokuja kutupa pole wanasimama barabarani na kuita, "Meneja yupo?" kama walivyokuwa wakikutania, ila sasa hakuna anayecheka. Juzi amechana suruali ya katekista. Jana Baba Mdogo akasema basi, mbwa mkubwa hivi mwenye njaa ni hatari, atamwita bwana mifugo aje na bunduki. Mbavu za Meneja zimetoka nje, Baba.

Na kosa ni lako! Unisamehe, lakini ni lako. Nani mwingine uliyemruhusu kumlisha? "Akizoea kupokea kwa kila mtu, mwizi atamtupia nyama yenye sumu." Ukawa unampeleka nyuma ya zizi, peke yenu, hata mimi unanifukuza. Nyati wakishuka kutoka msituni, sote tulimshukuru Mungu kwa ile sauti yake. Akisimama na kukuwekea miguu mabegani, Mama alisema mnacheza muziki wa harusi. Tulimfurahia sote, lakini kumjua ulimjua wewe tu.

Leo asubuhi Baba Mdogo alipotoa simu ampigie bwana mifugo, Mama akalipuka: "Alikuwa anaonja kwanza!" Tukamgeukia. Akajifunika uso na khanga. "Mzee wa kanisa mzima, anakula kwenye karai la mbwa! Ningewaambiaje watu?"

Nikasonga ugali wa dona, nikachemsha mapafu ya ng'ombe, nikabeba karai hadi getini. Meneja akasimama. Ule mngurumo niliusikia magotini. Nyuma yangu Baba Mdogo ameshika panga, anafoka, "Rudi! We mtoto, rudi!" Nikapiga magoti, uso wangu na wake sawasawa, meno yote nayaona. Nikaliweka karai katikati yetu. Nikachukua tonge, nikachovya mchuzini, nikauma, nikameza.

Bila chumvi, Baba! Miaka yote hiyo ulikula bila chumvi?

Lililobaki nikalirudisha karaini. Meneja akanitazama mdomo, akautazama tena. Kisha akainama, akala hadi karai likaburuzika mpaka ukutani. Hapo ndipo nilipolia. Siku ya mazishi sikuweza, leo nimelia nimemkumbatia shingo, na yeye anaendelea kulamba karai.

Mchana Mama akajaribu, akaonja vizuri kabisa. Meneja akageuza kichwa. Baba Mdogo naye akaonja, kwa kinyaa, akaonyeshwa meno. Anapokea kwangu tu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinibembeleza? "Rudi nyumbani, mama, hili shamba utamwachia nani?" Nami kila mara: kazi, Baba, kazi yangu iko Arusha. Begi langu lilikuwa limeshafungwa kwa basi la kesho. Nimelifungua. Kazini nimewapigia, wamekasirika, wana haki.

Umenipata, mzee wangu. Hata kaburini hukubali kushindwa.

Pumzika sasa. Meneja hatalala njaa, nakuahidi, wala hatapokea kwa mwizi. Jua linashuka, ananitazama kutoka getini. Ngoja niende nikaonje.

Binti yako.